Ini Halipigi Yowe: Majibu kwa Madai Kumi Kuhusu Homa ya Ini C

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na maambukizi sugu ya homa ya ini aina ya C. Mwaka 2022 ugonjwa huu uliua karibu watu 242,000, wengi wao kwa ini kusinyaa na kwa saratani ya ini. Kuna hesabu nyingine inayouma zaidi: mwaka huohuo, katika kila watu 100 waliokuwa na kirusi hiki, ni 36 tu waliokuwa wamepimwa na kuambiwa wanacho. Waliobaki walikuwa wakilima, wakifungua maduka na kulea watoto bila habari.

Inauma kwa sababu dawa ipo. Vidonge vya wiki 12 vinawaponya kabisa zaidi ya watu 95 kati ya 100. Wengi wanaokufa leo hawakupimwa, au walipimwa wakiwa wamechelewa, na nyuma ya kuchelewa huko kuna maneno waliyoyaamini. Maneno hayo husemwa vijiweni, kwenye foleni za zahanati na sebuleni kwetu, tena husemwa na watu wenye busara zao. Nayajibu hapa moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Ningekuwa nayo ningejua. Mwili haudanganyi."

Mwili haudanganyi, ila unaweza kunyamaza. Watu wapatao 8 kati ya 10 wanaoambukizwa kirusi hiki hawaoni dalili yoyote katika wiki za mwanzo. Wachache wanaoziona hupata homa kidogo, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na mkojo wa rangi ya chai, mambo ambayo kwetu huitwa malaria na kumezewa dawa ya malaria. Kisha yanapita. Kama watu 3 kati ya 10, miili yao hukifukuza kirusi yenyewe ndani ya miezi 6. Wale 7 waliobaki huendelea kuwa nacho, na maambukizi yao ndiyo huitwa sugu.

Ukimya huu una sababu zake. Nyama ya ini lenyewe haina mishipa ya fahamu ya kuhisi maumivu. Kinachouma ni utando unaolizunguka, nao huuma pale tu ini linapovimba na kuuvuta. Isitoshe, ini lina akiba kubwa: hata likiwa limepoteza sehemu yake, hubaki linachuja sumu, linatengeneza protini na kutunza sukari kana kwamba halijaguswa. Kinga ya mwili inapokishambulia kirusi hujeruhi seli za ini, jeraha hupona kwa kovu, na makovu huendelea kujengeka taratibu kwa miaka 20 au 30.

Anayetaka ushahidi autazame Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya nchi hiyo iliendesha kampeni kubwa ya kutibu kichocho katika vijiji vya bonde la mto Nile. Dawa ya wakati huo, chumvi ya antimoni, ilidungwa kwenye mshipa, sindano baada ya sindano kwa wiki kadhaa, na mabomba ya kioo yalitoka kwa mtu huyu yakaenda kwa yule bila kutakaswa ipasavyo. Nia ilikuwa njema. Hakuna aliyejua kuwa kuna kirusi ndani ya mabomba yale, kwani homa ya ini C iligunduliwa mwaka 1989 tu, na kazi iliyofikisha dunia kwenye ugunduzi huo na kuuthibitisha ndiyo iliyowapa Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2020.

Vijana waliodungwa sindano zile waliendelea na maisha. Walioa, walizaa, walivuna pamba na ngano. Miongo miwili mitatu baadaye ndipo walipoanza kujaa wodini, matumbo yamejaa maji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta kwamba karibu watu 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na alama ya kirusi hiki katika damu. Taifa zima lilikaa na ugonjwa huu kwa kizazi kizima, na miili ya watu wake haikusema.

Dai la pili: "Macho yangu ni meupe, basi ini langu ni zima."

Macho huwa ya njano ini linaposhindwa kuondoa rangi inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Katika maambukizi sugu ya homa ya ini C, umanjano huo kwa kawaida hauonekani mpaka ini limeharibika vibaya. Kwa hiyo macho meupe ya mtu wa miaka 45 hayatuambii lolote kuhusu kirusi.

Macho ya njano nayo yana sababu nyingi: malaria kali, selimundu, mawe kwenye mfuko wa nyongo, homa za ini za aina nyingine, hata baadhi ya dawa. Aliyepata umanjano wa ghafla aende hospitali siku hiyohiyo ili chanzo kitafutwe. Asikae nyumbani akibahatisha jina la ugonjwa.

Dai la tatu: "Uchovu si dalili. Ni kazi na umri."

Hapa lazima tuwatendee haki wagonjwa, kwa sababu uchovu ndio wanaoulalamikia kuliko kitu kingine chochote, na ndio unaodharauliwa kuliko vyote.

Mwaka 1977 na 1978 nchini Ireland, wanawake waliojifungua wakiwa na damu ya kundi hasi walichomwa sindano ya kuwakinga watoto wao watakaofuata. Baadhi ya chupa za dawa hiyo zilikuwa zimechafuliwa na kirusi cha homa ya ini C. Jambo hilo halikujulikana kwa umma hadi mwaka 1994, ulipoanza upimaji wa nchi nzima. Madaktari waliwachunguza wanawake 376 waliokutwa bado wana kirusi, wote wakiwa wameishi nacho kwa takriban miaka 17. Asilimia 81 walikuwa na dalili, na dalili iliyoongoza ilikuwa uchovu: asilimia 66. Walipochukuliwa kipande kidogo cha ini, karibu wote walikutwa na uvimbe wa ndani, nusu yao wakiwa na makovu, lakini ni asilimia 2 tu waliokuwa na ini lililosinyaa au lililoelekea kusinyaa.

Tuyasome matokeo hayo kwa makini. Kwanza, kwa miaka 17, akina mama wale waliamka wamechoka, na wengi bila shaka waliambiwa ni kulea, ni umri, ni mawazo. Haikuwa hivyo. Pili, uchovu ulikuwa mwingi huku kusinyaa kwa ini kukiwa kuchache, maana yake uchovu haupimi ukubwa wa madhara. Mtu anaweza kuchoka mno na ini lake likawa na makovu kidogo, na mwingine akawa na nguvu za kubeba magunia ilhali ini lake limekwisha.

Wagonjwa wenyewe huueleza hivi: usingizi wa usiku kucha hauuondoi. Huja pamoja na kusahausahau, kushindwa kutuliza mawazo kwenye kazi, na huzuni isiyo na sababu ya wazi. Kila mwenye uchovu asijihesabu kuwa ana homa ya ini C, kwani upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, kifua kikuu na msongo wa mawazo navyo huchosha. Lakini uchovu wa miezi mingi unastahili kuchunguzwa, na kipimo cha homa ya ini C kiwemo kwenye orodha.

Dai la nne: "Huu ni ugonjwa wa ini. Ngozi na figo vinaingiaje?"

Vinaingia kupitia damu. Kinga ya mwili inayopigana kwa miaka na kirusi kisichoisha huweza kutengeneza protini zinazogandamana damu inapopoa. Protini hizo hukwama kwenye mishipa midogo na kuiumiza. Miguuni hutokea madoadoa mekundu au ya zambarau ambayo hayafifii ukiyabonyeza. Viungo vinauma. Nyayo zinawaka moto au kufa ganzi. Figo zinaanza kupitisha protini na damu kwenye mkojo, miguu inavimba, presha inapanda.

Wapo wengine ambao ngozi ya mikono yao hutoka malengelenge ikipigwa na jua na kuchubuka kwa kuguswa kidogo. Wapo wanaotokwa na vipele vya zambarau vinavyowasha, au mistari myeupe ndani ya mashavu. Wapo wanaokaukiwa macho na mdomo. Kisukari cha ukubwani huwapata wenye kirusi hiki zaidi kuliko wengine, na vivyo hivyo aina fulani za saratani ya tezi.

Madhara ya kutolijua hili huonekana wazi. Mgonjwa mmoja huenda kliniki ya ngozi akapewa dawa ya kupaka, akaenda kwingine kwa viungo akapewa diklofenaki, akaenda kliniki ya tatu kwa presha. Hakuna anayeunganisha. Na ile diklofenaki, ikimezwa kila siku na mtu ambaye ini lake limeanza kusinyaa, inaweza kuziumiza figo zake na kumfanya avuje damu tumboni. Ukiwa na matatizo mawili au matatu kati ya haya kwa pamoja, mwulize daktari wako wazi kama umewahi kupimwa homa ya ini C.

Dai la tano: "Nilipimwa ini, majibu yakatoka mazuri."

Swali ni: ulipimwa nini? Vipimo vya kawaida vya ini hupima vimeng'enya vinavyovuja seli zinapojeruhiwa. Kwa mwenye homa ya ini C ya muda mrefu, vimeng'enya hivyo hupanda na kushuka, na kwa watu kama 3 kati ya 10 hubaki ndani ya kiwango cha kawaida ingawa kirusi kipo. Altrasaundi nayo inaweza kuonyesha ini zuri mpaka makovu yamekuwa mengi. Vyote viwili vina kazi yake, lakini hakuna kati yake kinachotafuta kirusi.

Kutafuta kirusi kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kupima kingamwili, mara nyingi kwa tone la damu ya kidole. Majibu yakionyesha hazipo, na huna sababu ya kuwa umeambukizwa miezi ya karibuni, unaweza kutulia. Kama unahofia tukio la juzijuzi, rudia baadaye, kwa sababu kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Zikiwepo, bado hujaambiwa kuwa unaumwa. Umeambiwa tu kwamba mwili wako umewahi kukutana na kirusi. Kingamwili hubaki katika damu maisha yote, hata kwa aliyepona. Ndiyo maana hatua ya pili, kipimo cha kirusi chenyewe, ni ya lazima. Wapo waliolia usiku kucha kwa jibu la kwanza ilhali kirusi kilishaondoka, na wapo waliopewa jibu la kwanza wasirudi tena kwa la pili. Usiondoke kituoni kabla hujauliza lini na wapi utapata kipimo cha pili.

Dai la sita: "Tumbo likijaa maji, mtu amerogwa. Na kama hakurogwa, ni mlevi."

Dai hili limegharimu maisha mengi, basi nitalijibu kwa urefu.

Makovu yakishaenea, ini hukakamaa na kusinyaa. Damu yote inayotoka matumboni lazima ipite kwenye ini. Njia ikibanwa, damu hurudi nyuma na shinikizo hupanda kwenye mishipa, kama maji ya mfereji uliozibwa na takataka yanavyofurika shambani. Maji huvuja na kujaa tumboni. Ini lililochoka halitengenezi tena protini ya kutosha ya kuyabakiza maji ndani ya mishipa, kwa hiyo miguu nayo inavimba. Mishipa ya kwenye koo la chakula hututumka, na siku ikipasuka mtu hutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Sumu ambazo ini lingezichuja hufika kwenye ubongo: mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, anasahau majina ya wanawe, mikono inatetemeka, anaongea yasiyoeleweka.

Familia inayoyaona haya bila maelezo ina kila sababu ya kuogopa. Tumbo lililopanda kwa wiki chache, damu mdomoni, mzee mpole aliyeanza kupiga kelele usiku: si ajabu watu wakasema kuna mkono wa mtu. Sitawacheka. Nawaomba tu wajue kwamba kila moja kati ya hayo lina maelezo, na mengi yana matibabu ya dharura. Maji hutolewa na kupunguzwa kwa dawa, mshipa unaovuja hufungwa, na akili iliyochanganyikiwa hurejea mara nyingi ikitibiwa mapema. Siku zinazopotea kwa mganga ni siku ambazo hospitali ingezitumia.

Kuhusu pombe: ni kweli kwamba huharibu ini, na kwa mwenye kirusi huharakisha makovu kwa kiasi kikubwa. Akishajua anacho, aiache. Lakini wale wakulima wa Misri wengi wao walikuwa Waislamu wasiogusa pombe, na maini yao yalisinyaa. Kumwita mlevi mtu ambaye hajawahi kuionja ni kumwongezea jeraha, na humfanya afiche hali yake. Na tumbo la maji lina vyanzo vingine pia, zikiwemo homa ya ini B, kichocho chenyewe, kifua kikuu cha tumbo, na magonjwa ya moyo na figo. Atakayeweza kusema ni daktari aliyepima.

Kuna habari njema hapa pia. Katika wenye maambukizi sugu, asilimia 15 hadi 30 ndio hufikia ini kusinyaa ndani ya miaka 20. Walio wengi wana muda wa kukiondoa kirusi kabla hakijawafikisha huko.

Dai la saba: "Huo ni ugonjwa wa mateja."

Kirusi hiki hakisomi tabia ya mtu. Kinahitaji kitu kimoja: damu ya mwenye nacho iingie katika damu ya mwingine. Ni kweli kwamba kuchangia sindano za kujidunga dawa za kulevya ni njia yenye nguvu mno, na katika Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Malindi wanaojidunga wana maambukizi mengi kuliko watu wengine. Lakini sindano za matibabu zisizo salama ndizo zilizoiumiza Misri. Damu iliyoongezwa kabla ya kuwepo kipimo, chale zinazochanjwa kwa wembe mmoja, kuumikwa kwa vifaa visivyotakaswa, kisu kimoja cha jandoni na michoro ya mwilini iliyochorwa kwa sindano ya jana, vyote vinaweza kupitisha kirusi. Mama mwenye nacho humwambukiza kama mtoto 1 kati ya 20. Kwa kujamiiana inawezekana, lakini ni nadra, na hatari huongezeka kwa wenye VVU au pale damu inapohusika.

Hakiambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mikono, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja au kuumwa na mbu. Mama anaweza kunyonyesha, isipokuwa chuchu zikiwa zimepasuka na kutoa damu. Wembe, mswaki na mashine ya kucha ndivyo visivyochangiwa.

Na kuhusu hao wanaoitwa mateja: ni watoto wetu, kaka zetu, wanafunzi wenzetu wa zamani. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa dawa ya methadoni kwa wenye uraibu wa heroini, na Kenya nayo ikafuata. Mtu anayefika kliniki kila siku kunywa methadoni ni mtu anayeweza kupimwa na kuponywa homa ya ini C palepale. Tusi la mtaani humwondoa kwenye foleni ile. Humwondoa pia mama wa watu ambaye hajawahi kuona unga, lakini anaogopa kupima asije akaitwa jina hilo.

Dai la nane: "Mimi nilishachanjwa homa ya ini."

Ulichanjwa aina ya B, na ulifanya vyema. Chanjo ya aina ya C haipo. Chanjo ya B haikukingi na C hata kidogo.

Dai la tisa: "Haina tiba. Kujua ni kujitafutia presha. Afadhali dawa ya kusafisha ini."

Zamani kulikuwa na chembe ya ukweli. Kabla ya mwaka 2013 wagonjwa walichomwa sindano za intafironi kwa miezi 6 hadi mwaka mzima, wakitetemeka kwa homa, wakipoteza nywele na kuzama katika huzuni, na kama nusu yao hawakupona. Desemba 2013 Marekani iliidhinisha vidonge vya sofosbuviri. Kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000, na dozi ya wiki 12 dola 84,000. Kwa mtu wa Tandika au Kisauni hiyo haikuwa tiba. Ilikuwa habari ya mbali.

Misri haikukubali iishie hapo. Iligombania bei, kisha viwanda vyake vikatengeneza dawa, hata gharama ikashuka chini ya dola 100 kwa dozi nzima. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 ilipima karibu watu milioni 50, mji kwa mji na kijiji kwa kijiji, na waliokutwa na kirusi wakapewa dawa bure. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua kwa hatua kubwa iliyofikia kuelekea kuitokomeza homa ya ini C. Jirani zetu wa Rwanda walitangaza mpango wa kuitokomeza Desemba 2018, wakapima mamilioni ya watu na kuwatibu waliokutwa nayo. Anayesema Afrika haiwezi, Waafrika wamekwisha kumjibu.

Tiba iliyoenea sasa ni sofosbuviri pamoja na daklatasviri, vidonge vya kila siku kwa wiki 12 kwa walio wengi, bila sindano. Kabla ya kuanza lazima upimwe pia homa ya ini B, kwa sababu kuondoka kwa C kunaweza kuiamsha B iliyolala, na kwetu B ni ya wengi.

Na chupa za kusafisha ini zinazouzwa stendi na mitandaoni? Ini halihitaji kusafishwa, na hakuna mizizi iliyothibitishwa kukiondoa kirusi hiki. Baadhi ya mitishamba yenyewe huliumiza ini, na ini lenye makovu halina akiba ya kustahimili. Anayekuuzia chupa hiyo kwa miezi sita anakuuzia miezi sita ya makovu.

Dai la kumi: "Nimemaliza vidonge na uchovu umeisha. Sirudi tena."

Rudi mara moja zaidi. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho hufanyika kipimo cha kirusi. Kikikosekana, umepona, hakitarudi chenyewe. Unaweza kuambukizwa upya, kwani kupona hakuachi kinga, kwa hiyo njia za damu zilindwe. Kama ini lako lilikuwa limeshasinyaa kabla ya tiba, hatari ya saratani hupungua lakini haiishi. Altrasaundi kila baada ya miezi 6 ndiyo njia ya kuiona ingali ndogo, wakati inatibika.

Basi, tukikusanya yote: dalili za homa ya ini C ni shahidi anayefika mahakamani hukumu ikiwa karibu kusomwa. Asiyekuwa na dalili hana uthibitisho wa uzima, na mwenye dalili hana uthibitisho wa ugonjwa. Damu pekee ndiyo inayosema.

Kama uliwahi kuongezewa damu miaka ya nyuma, kudungwa sindano mahali usipopaamini, kuchanjwa chale au kuumikwa, kuchorwa mwili, kujidunga hata mara moja ujanani, kusafishwa damu kwa mashine ya figo, kuzaliwa na mama mwenye kirusi, au kama unaishi na VVU, nenda kapime. Useme waziwazi, "Naomba kipimo cha homa ya ini C," kwa sababu ukisema unaomba kupimwa ini utapimwa kitu kingine. Wahudumu wa afya nao nawaomba wasingoje macho ya njano ndipo wakumbuke ugonjwa huu. Na wanaopanga bajeti ya afya wajue kwamba dozi ya wiki 12 ni nafuu kuliko kitanda cha wodini, na ni nafuu kuliko jeneza. Mwaka 2030 ndio ambao dunia imejiwekea kuiondoa homa ya ini kama tishio kwa afya ya jamii. Dawa ipo, kipimo kipo, na kukaa tukisubiri dalili hakuna tena utetezi.